Mshale Mwekundu Kutoka Mpakani

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mkanipigia makofi, na kijana aliyeshika kipaza sauti akatangaza kwamba mimi ndiye niliyechora ramani ya kwanza ya kompyuta ya kipindupindu katika pwani hii. Ni kweli, niliichora. Nilikaa pale mbele na soda yangu mkononi, nimeinamisha kichwa kama bwana harusi, nanyi mkadhani ni unyenyekevu. Wallahi haukuwa unyenyekevu, ilikuwa haya. Sasa nimestaafu, hakuna wa kuniuliza nimechelewa wapi, kwa hiyo nimeona niwaandikie nyinyi mliobaki kwenye meza ile ya ramani jinsi ramani yenyewe ilivyozaliwa. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilikuja vikichechemea, na mishahara mnaijua.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika chumba cha wachoraji ramani kule Changamwe, juu ya ghala la mabomba ya maji. Mimi ni mzaliwa wa Bofu, Likoni. Kila asubuhi nilivuka feri, nikatafuta gari la pili, na nilipofika kazini shati lilikuwa limeshalowa. Siku ya kwanza sikupewa kalamu. Nilipewa wembe. Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Kombo, mtu wa Kisauni, mfupi, mkali, mwenye kikohozi cha sigara kilichotujulisha yuko ngazi ya ngapi. Akanisogezea karatasi kuukuu yenye madoa ya wino.

"Kuchora kila mtu aweza," alisema. "Wewe anza kujifunza kufuta."

Nikakwangua wino kwa wembe mpaka vidole vikafa ganzi. Kukwangua kuna ufundi wake. Ukikazana unatoboa karatasi, ukilegea wino unabaki, na hata ukifanya vizuri namna gani, ukiinua karatasi kwenye mwanga utaona pale palipokwanguliwa. Mzee Kombo alizipenda alama hizo. Alisema karatasi isiyo na kovu imechorwa na mwongo.

Alikuwa na kanuni nyingine, na hii ndiyo niwaombayo muishike. Mahali ambapo mpimaji hakufika hakukubali paachwe peupe. Alipapiga mistari ya mshazari kwa penseli, myembamba, na pembeni akaandika "hatujafika". Siku moja, nikiwa na haraka ya kuwahi feri, niliacha kipande cha kando ya hori kitupu. Akanirudisha kutoka mlangoni.

"Hapa mmekwenda?"

"La, hatujakwenda, mzee. Mvua ilinyesha."

"Basi mbona wasema hakuna kitu?"

"Sijasema chochote, mzee. Nimepaacha tu."

"Peupe ni kusema," akanijibu. "Mtu akiona peupe hudhani ni shwari. Karatasi haina haya, Athumani. Haya uwe nayo wewe."

Feri niliikosa. Nilimnung'unikia moyoni njia nzima hadi Likoni, na kwa miaka mingi nikapiga mistari yake ya mshazari bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Alistaafu, na baada ya muda si mrefu tukaenda kumzika Kisauni. Hakuiona kompyuta. Pengine ni heri, maana angeikoholea.

Kompyuta ilikuja katikati ya miaka ya tisini, ilipofunguliwa ofisi ndogo ya maafa ya upande wa kusini, pale Likoni, si mbali na soko. Nilifurahi, nikaagana na feri. Tulipewa na wafadhili meza kubwa ya kunakilia ramani, kipanya chenye kioo na msalaba ndani yake, mashine yenye kalamu za rangi iliyojichorea yenyewe, na kidude cha kusoma setilaiti kilichokuwa kizito kama tofali. Siku ya kwanza kidude kile kilituambia kwamba ofisi yetu imo baharini. Tulijifunza kukisubiri kitulie, na kukisahihisha kwa picha zilizopigwa na ndege. Umeme ulipokatika, kazi ya asubuhi nzima ilikwenda na maji, tukaanza upya. Lakini sitasema uongo, nililiona jambo la ajabu. Nilibonyeza, na Likoni yote ikatokea mbele yangu, nyumba kwa nyumba. Nilianza kutembea kifua mbele. Majirani wakaniita Bwana Ramani, nami nikaitika.

Kazi yetu ya kwanza kubwa ilikuwa kuandika nyumba za mitaa ya Bofu na Shika Adabu: kila nyumba nukta moja, na ndani ya nukta idadi ya watu, choo, na kisima. Maafa yakija, tujue nani yuko wapi na anakunywa nini. Tulikuwa wanaume peke yetu. Sasa nyinyi mnajua nyumba zetu za zamani zilivyo. Mbele kuna baraza, halafu ukumbi, na nyuma kabisa ua, na kisima kiko uani. Wanawake wa jirani huingia kuchota kwa mlango wa uani, na mwanamume mgeni hakanyagi huko ikiwa mwenye nyumba hayupo. Mwenye nyumba mchana yuko kazini. Kwa hiyo tulipiga hodi barazani, tukajibiwa kutoka nyuma ya pazia.

"Karibuni. Wenyewe hawapo."

"Si neno, mama. Twauliza tu, maji mwachota wapi?"

"Bombani, mwanangu."

Na bomba lilikuwapo kweli, pale barabarani, likitoa maji siku lililojisikia. Mama wa watu atamwambia nini mwanamume aliyesimama mlangoni na tofali la setilaiti? Hawezi kumfungulia ua wake, na kumwambia mgeni kwamba mnakunywa maji ya kisima kulionekana ni unyonge. Tukashukuru, tukaenda nyumba ya pili. Tulikuwa na adabu kweli, na adabu ndiyo iliyotuponza.

Jioni niliingiza hesabu kwenye kompyuta. Mahali pa visima paliandikwa "vilivyoonekana", na mashine haikukubali paachwe patupu. Ilitaka tarakimu. Nikaweka sifuri. Nyumba zenye sifuri zikabaki nyeupe. Mitaa yote ya zamani ya Bofu ikang'aa kama kanzu ya Idi, nami nikaiona nzuri. Mashine haikuwa na mistari ya mshazari, na mimi sikuitafuta.

Halafu zikaja zile mvua kubwa za mwisho wa miaka ya tisini ambazo kila mtu wa pwani anazikumbuka. Vyoo vya shimo vilijaa hadi mlangoni. Kipindupindu kikaingia Likoni. Lililotufika halielezeki vizuri kwa maandishi. Mtu alikuwa mzima adhuhuri, alasiri macho yamezama, na kabla ya usiku wa manane watu wanachemsha maji ya kukosha maiti yake. Walifungua kambi ya wagonjwa karibu na soko, wakatundika dripu hata kwenye misumari ya ukutani.

Mkuu wetu, Bwana Mutua, alikuwa mtu wa bara, mchapakazi, aliyesumbuliwa sana na simu za wakubwa. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Athumani, hii ugonjwa imetoka wapi? Wakubwa wanakuja kesho na wanataka kuona na macho yao."

Nilikuwa na majina ya kambini tu. Wa kwanza kuandikwa pale walikuwa wachuuzi wa machungwa kutoka Muheza, mkoa wa Tanga, ng'ambo ya mpaka, na baadhi ya watu wa kando ya barabara ya Lungalunga iendayo mpakani. Sasa nisikilizeni. Mchuuzi mgeni akiugua hana nyumba ya kuuguzwa, hupelekwa kambini siku ile ile. Watu wa Bofu walikuwa wakiuguza ndani na kuzika upesi, kama dini inavyotaka, na hakuna aliyekwenda kuandikisha maiti kwanza. Mimi niliyajua haya yote. Nilikuwa nabeba majeneza yenyewe. Lakini kwenye skrini palikuwa na nukta nyekundu barabarani, weupe mtupu Bofu, na upande wa chini, mpaka wa Tanzania, ambako ramani yetu iliishia kama meza iliyokatwa. Nikachora mshale. Mwekundu, mnene, ukitoka mpakani ukipanda hadi soko la Likoni. Wakubwa waliupenda sana, maana ulionekana hata kutoka mlangoni.

Wiki ile ile wachuuzi wa Tanga wakafukuzwa sokoni, na machungwa yakazuiwa mpakani.

Miongoni mwao alikuwamo Bi Mwanaidi, mama wa makamo wa Muheza, mwenye kisu kidogo cha kumenyea ambacho makali yake yalikuwa yamelika nusu. Nilinunua kwake miaka mingi. Alimenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, na hakukupa mpaka limalizike. Alikuwa mjane, na machungwa yale ndiyo yaliyomsomeshea watoto. Siku hiyo nilipita nikakuta askari wanapindua matenga yake mtaroni, machungwa yanaelea kwenye maji machafu. Watu walisimama mbali wamefunika pua, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinuka.

Akaniona. "Bwana Athumani! Wewe wanijua. Hebu waambie. Mimi naumwa? Nimeshamuuzia mtu uchafu?"

Askari mmoja akanigeukia, akinisubiri niseme neno. Nilikuwa nimevaa kitambulisho changu cha ofisi.

"Ni amri, mama," nikasema.

Hakutukana. Aliokota kisu chake, akakipangusa kwa ncha ya kanga, akapanda gari la Lungalunga na tenga moja lililobaki. Nami nikaenda zangu. Nimeandika maneno mengi kazini katika maisha yangu, na hakuna ninayoyajutia kama yale matatu.

Machungwa yaliondoka, maradhi hayakuondoka. Bofu tuliendelea kuzika. Mtaani kwangu tuliwazika Mzee Hamadi fundi makuti, kisha mke wa jirani yake, Mwanajuma, aliyeacha mtoto wa kunyonya. Mimi nilishika majeneza yote mawili, mbele, upande wa kulia. Ofisini Bwana Mutua aliniuliza mbona wachuuzi wamefukuzwa na maradhi bado yanatiririka. Nikamwambia huenda wapo waliopita kwa njia za panya.

Hapo ndipo walipokuja wenzetu wa Tanga. Serikali mbili zilikubaliana maafisa wakutane, tuweke ramani pamoja. Waliongozwa na Bi Zuhura, afisa wa afya, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, na mzigo wake ulikuwa bomba la karatasi zilizochorwa kwa mkono. Alisimama mbele ya ramani yangu ukutani kwa muda mrefu. Nilitaraji ataghadhabika kwa ule mshale.

"Kaka Athumani," akasema, "hapa mpakani dunia imeisha?"

Wenzake wakacheka, hata Bwana Mutua. Mimi nikacheka kwa meno.

Tulitandaza karatasi zake kwenye meza ya kunakilia. Nukta zake za wagonjwa, kila moja ilikuwa na siku yake ya kuugua. Nikaziingiza kwa kipanya, yeye akinisomea, mpaka ramani ikavuka mpaka kwa mara ya kwanza na Tanga ikatokea chini ya Likoni. Kisha akauliza waliozikwa Bofu wako wapi. Nikamwambia hawakupita kambini. "Na maimamu hawakumbuki waliowasalia?" akauliza. Tukatuma watu kwa maimamu, wakarudi na siku za mazishi. Nikaagiza mashine ipake rangi kwa kufuata siku, za mwanzo nyeusi, za baadaye nyepesi.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Weusi ulijikusanya Bofu, katika mitaa yangu myeupe. Kutoka hapo ukashuka sokoni, ukafuata barabara, ukavuka mpaka, ukaingia Muheza ukiwa hafifu. Mgonjwa wa kwanza wa Tanga alikuwa mtu aliyetoka kumzika nduguye kwetu. Sisi ndio tuliowapelekea. Na huo mshale wangu mwekundu ulikuwa bado umelala juu, ukielekea kinyume.

Bi Zuhura hakuusema. Aliweka kidole kwenye weupe. "Hawa wote hawana visima?"

"Hatukuviona."

"Hamkuviona, au hamkuingia?"

Nilitamani umeme ukatike. Siku hiyo, kwa ukaidi wake, haukukatika.

Tukaenda Bofu kwa miguu. Aliniambia tuanze na nyumba yoyote katikati ya weusi. Nikatazama karatasi aliyokuwa ameishika, nikafuata nukta, chochoro hili, kona ile, mpaka tukasimama mbele ya baraza ninayoijua kila ufa wake. Ilikuwa nyumba yangu. Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyeiandika, siku ambayo mimi nilikuwa kazini. Alipiga hodi, mke wangu akamjibu kwa adabu kutoka nyuma ya pazia, naye akaandika sifuri. Sifuri hiyo nikaiingiza mimi kwa mkono wangu. Nakumbuka hata nilitabasamu kuiona nyumba yangu kwenye skrini.

Bi Zuhura alipiga hodi, akavua viatu, akapita ukumbini moja kwa moja hadi uani, na nikamsikia mke wangu Rukia akimkaribisha kama dada yake. Mimi nilibaki barazani kwangu. Ningeweza kuingia, ilikuwa nyumba yangu, lakini nilitoa kalamu na daftari, nikasubiri kama mgeni.

"Kisima si hiki!" Rukia alikuwa akisema. "Kwani Athumani hajawaambia? Aoga maji yake toka siku tuliyooana. Twachota sisi, na kwa kina Mzee Hamadi, Mungu amrehemu, na marehemu Mwanajuma, na kule nyuma."

 Kisha ncha ya futi ya kupimia ikachomoza chini ya pazia, na sauti ya Bi Zuhura ikaniambia niishike. Alipima kutoka kisimani hadi ukutani, na kutoka ukutani hadi kilipokuwa choo cha jirani, kilichofurika wakati wa mvua. Alinisomea vipimo kwa sauti ile ile ya chini, nami nikaandika. Visima vya namna hiyo alivikuta nyumba baada ya nyumba. Nilipoinua macho niliona baraza ya Mzee Hamadi, tupu, na mkeka wake umekunjwa.  

Baada ya hapo kazi ilikwenda upesi. Walitafutwa wanawake, wauguzi na walimu wa madrasa wa kike, wakaingia kila ua. Visima vikatiwa dawa, vibovu vikafungwa, watu wakaambiwa wachemshe maji. Maradhi yakapungua, yakakoma. Kutoka siku ile Tanga walitupigia kila wiki, nasi tukawapigia, na ramani haikuishia tena mpakani. Mila mnayoifuata leo, kwamba nyumba haiandikwi mpaka mwanamke ameingia uani, ilianzia pale. Na ile mistari ya mshazari mnayoiona kwenye ramani zetu, ambayo mmoja wenu aliniuliza kama ni pambo, niliiingiza kwenye kompyuta kwa shida ya wiki mbili. Maana yake ni "hatujafika". Msiifute.

Ama ule mshale, Bwana Mutua alinitaka niuondoe. Nilibonyeza mara moja tu, ukatoweka, na pale ulipokuwa pakabaki safi, bila kovu. Nilikaa nikipatazama. Kwa wembe wa Mzee Kombo ningekwangua asubuhi nzima, na hadi leo mngeinua karatasi kwenye mwanga mkauona. Ramani mliyoisifu siku ya kuniaga ni hiyo ya pili, isiyo na mshale. Soko lilifunguliwa kwa wachuuzi wa Tanga bila tangazo, bila mtu kuwaambia kwamba walisingiziwa. Wakubwa waliosimama mbele ya mshale hawakurudi kusimama mbele ya weupe.

Bi Mwanaidi alirudi msimu uliofuata, mahali pale pale, na matenga mawili badala ya matano. Kwa siku kadhaa nilipita njia ya nyuma. Mwishowe nikaona haya ya kukimbia imezidi haya yenyewe, nikaenda mchana kweupe, wakati soko limejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamwambia yote: mshale, sifuri, kisima changu, kwamba yaliyomfika niliyachora mimi, na kwamba maradhi yalitoka kwetu yakaenda kwao. Sikupunguza sauti, ingawa nilitamani. Wauza samaki wa kando wakaacha kufukuza nzi. Yeye alikuwa akimenya chungwa, ganda linateremka, refu, halikatiki, na hakuinua macho mpaka lilipomalizika. Nikanyoosha mkono kulipokea.

Hakunipa. Aliliweka juu ya sahani, akainama, akachukua birika lililokuwa nyuma ya tenga.

"Nawa kwanza, Bwana Ramani," akasema. "Maji ni ya kwenu hapa hapa Likoni. Usiogope, nimeyachemsha."

Nikakinga mikono yote miwili, akanimiminia polepole, na soko zima likinitazama nikinawa.